Kibustani cha Jikoni: Darasa Lililo Mlangoni pa Nyumba

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, maduka ya Kigali hufungwa na magari hupungua barabarani. Wananchi hushika majembe na mapanga wakaenda kwenye kazi ya pamoja iitwayo umuganda, ambayo watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutakiwa kushiriki. Wako wanaofyeka vichaka na wanaochimba mitaro. Wengine humjengea jirani asiyejiweza kitu kidogo ambacho mgeni angekipita bila kukitazama: kibustani cha mboga kando ya jiko. Kwa Kinyarwanda huitwa akarima k'igikoni, yaani kijishamba cha jikoni.

Kigali ni mji mkuu wa Rwanda, lakini mtu anayeuacha mji na kupanda vilima vya pembezoni mwa wilaya ya Gasabo hukuta migomba, maharage na viazi vitamu. Maisha ya huko ni ya kijiji, ingawa yamo ndani ya mipaka ya mji. Ndivyo ilivyo pia kandokando ya miji midogo ya jirani, kama Nyamata upande wa kusini na Rwamagana upande wa mashariki.

ARDHI HABA, WATU WENGI

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13 katika eneo la kilometa za mraba 26,338. Maana yake ni zaidi ya watu 500 katika kila kilometa moja ya mraba. Baba hugawa shamba kwa watoto, nao huligawa kwa watoto wao, hata kipande kikabaki cha hatua chache tu. Familia nyingi hulima chini ya hekta moja. Kijana wa leo hawezi kuambiwa apanue shamba. Hana budi kujifunza kupata kingi katika kidogo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi. Sahani ya mtoto yaweza kujaa ndizi, mihogo au viazi, mtoto akashiba, na bado mwili wake ukakosa vitamini na madini ya kuukuza. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014/15 ulikuta watoto 38 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2019/20 ulikuta 33. Nafuu ilipatikana, lakini mtoto mmoja kati ya watatu walikuwa bado ni wengi mno.

JINSI KINAVYOJENGWA

Mahali huchaguliwa karibu na jiko ili mpishi asiende mbali. Duara huchorwa, na mawe au vijiti vya miti hupangwa kuzunguka ili kuushikilia udongo. Ndani hutandazwa majani makavu na mabichi, kisha samadi, na juu yake udongo mzuri. Ngazi ya pili, iliyo ndogo zaidi, hujengwa juu ya ile ya kwanza, na pengine ya tatu. Kwa njia hiyo mahali padogo huchukua miche mingi, na unyevu hukaa siku nyingi.

Hupandwa mchicha, ambao wenyeji huuita dodo, pamoja na karoti, kabichi na vitunguu. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, mashamba ya mlimani yanapokauka, maji yaliyokwisha kuoshea mboga na viazi hutosha kukinywesha kibustani.

Samadi nayo hutoka kwa jirani. Tangu mwaka 2006 mpango uitwao Girinka umekuwa ukizipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe familia nyingine. Maziwa humwendea mtoto, samadi huenda bustanini, na ndama huunganisha nyumba mbili.

SHULE ILIYODHARAULIWA

Kuwafundisha vijana kilimo si jambo geni nchini humo. Mwaka 1979 serikali ya wakati ule iliongeza shule ya msingi kutoka miaka 6 hadi 8. Waliokosa nafasi ya sekondari, ambao ndio waliokuwa wengi, walifunguliwa vituo vya elimu ya vijijini na ufundi vilivyojulikana kwa kifupi kama CERAI. Humo kwa miaka 3 vijana walifunzwa kilimo, useremala na uashi. Wasichana walifunzwa ushonaji, upishi na malezi.

Shabaha ilikuwa njema, lakini wazazi waliviona vituo hivyo kuwa ni jaa la walioshindwa. Kijana alirudi kwenye kipande kile kile cha ardhi, hana mtaji wala zana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vikafutwa. Tanzania nayo, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kutangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ilijifunza somo linalofanana na hilo: pale jembe lilipofanywa adhabu ya mchelewaji, mwanafunzi alilichukia.

Kazi ya pamoja yenyewe ina historia nzito. Umuganda ulifanywa wajibu wa taifa katika miaka ya 1970, na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 mpango huo wa kukusanya watu ulitumiwa kwa uovu. Ulifufuliwa baadaye na kuwekewa sheria mwaka 2007. Jembe ni lile lile. Linalolipa heshima ni kazi linayotumiwa.

KUJIFUNZA KWA KUONA

Kibustani cha jikoni hakimfungii kijana mlango wa shule. Hapelekwi huko kwa sababu ameshindwa mtihani. Akipanda mchicha, baada ya wiki tatu au nne anauchuma, na mdogo wake anaula siku hiyo hiyo. Fungu linalobaki hupelekwa sokoni, na fedha yake hununua daftari au mbegu.

Heshima ya kilimo imeanza kupanda hata katika elimu ya juu. Mwaka 2019 taasisi ya kilimo hifadhi, RICA, ilifunguliwa wilayani Bugesera, ambako wanafunzi wa shahada hushika udongo na mifugo kwa mikono yao. Lakini watakaoingia humo ni wachache. Kwa vijana walio wengi, darasa la kwanza litabaki kuwa nyumbani.

Hapo ndipo wajibu wa wazazi ulipo. Majirani waweza kukijenga kibustani kwa asubuhi moja, lakini hawawezi kuja kukinywesha kila jioni. Kikiachiwa mama peke yake, atachoka, na magugu yataota. Baba, kijana wa kiume na binti wakigawana zamu, mboga haitakosekana chunguni, na mtoto atakua akijua kwamba kulima ni elimu.