Figo jipya ukiwa na mtoto mdogo: hesabu za kufanya kabla simu ya hospitali haijalia

Ukishaanza kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila anayekupigia anakuambia omba Mungu upate figo. Sawa, tuombe. Lakini hapa Texas, iwe Dallas, Fort Worth au Houston, hospitali ya kupandikiza haikuweki kwenye foleni kwa vipimo vya damu peke yake. Inauliza pia nani atalipa, na nani atakaa na wewe nyumbani ukitoka. Mwenye mtoto wa miaka 2 ana swali lake la ziada: nani atambeba mtoto? Mimi ni mhasibu, si daktari, kwa hiyo nitabaki kwenye hesabu.

Tuanze na mlipaji. Tangu 1973, Medicare inalipia kusafisha damu na kupandikiza figo hata kwa mtu wa miaka 30. Wengi wetu tunajua ni bima ya wazee, tukaishia hapo. Kwa figo unaingia kupitia krediti za Social Security: zako, za mume au mke wako, au za mzazi kama mgonjwa ni mtoto. Krediti 6 ndani ya takriban miaka 3 ya karibuni zinatosha. Mwaka 2025 krediti moja ilitokana na mapato ya dola 1,810, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4. Yaani ni kama mwaka mmoja na nusu wa kazi iliyoandikwa.

Hapo kwenye "iliyoandikwa" ndipo wengi tunakwama. Chukua dada anayelea watoto wa watu Plano akilipwa keshi kila Ijumaa, na fundi wa ujenzi huko Katy anayepewa fomu ya 1099 na hajawahi kujaza kodi. Wote wamevuja jasho miaka 5, na kwenye kompyuta ya Social Security wote wana sifuri. Sheria inasema mwenye nyumba aliyemlipa mfanyakazi wa ndani dola 2,800 au zaidi mwaka 2025 alitakiwa kukata na kulipa kodi ya Social Security. Wa 1099 anajilipia mwenyewe, asilimia 15.3 ya faida yake. Najua inauma, lakini ndiyo bima ya figo ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua. Kama umeruka miaka, una kama miaka 3 na miezi 3 baada ya mwaka wenyewe kuisha kupeleka hesabu zako. Ukipitisha hapo, mapato hayo hayakupi krediti. Fungua akaunti ya my Social Security leo uone kilichoandikwa kwa jina lako.

Kuna jambo jipya kwa ndugu zetu wakimbizi, hasa kutoka Kongo. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata green card. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja hapa. Usiiache ikae. Asiye na makaratasi hana Medicare. Aulize hospitali ya kaunti yake, Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth, Harris Health kwa Houston, maana kila moja ina mpango wake wa wakazi wa kipato kidogo na masharti yake.

Kama una bima ya kazini, usikimbilie kuacha kazi. Kwa miezi 30 ya kwanza bima hiyo ndiyo inayolipa mbele, Medicare inafuata nyuma. Ukishapandikizwa, Medicare ya figo inakoma baada ya miezi 36 kama huna sababu nyingine ya kuwa nayo. Zamani hapo ndipo watu walipopoteza figo, kwa kukosa hela ya dawa za kuzuia mwili usilikatae. Tangu Januari 2023 kuna mpango wa Medicare unaolipia sehemu kubwa ya dawa hizo peke yake, bila kikomo, kwa asiye na bima nyingine. Haujileti wenyewe. Unaujazia fomu.

Kuhusu foleni nina mawili tu. Kwanza, Januari 2023 hospitali zote ziliagizwa kupitia upya majina ya wagonjwa weusi, kwa sababu hesabu ya zamani ya nguvu ya figo ilikuwa na kipimo cha rangi kilichowacheleweshea muda wa kusubiri. Muulize mratibu wako: muda wangu mlishaupitia? Pili, watu wanauliza kama wajiandikishe Dallas na Houston kwa pamoja. Inaruhusiwa. Ila tangu 2021 figo hugawiwa kwanza ndani ya duara la kilomita 460 hivi kutoka hospitali ya mtoaji, na miji hii miwili iko karibu kuliko hapo. Kabla ya kuchoma petroli ya I-45 kila mara, uliza utapata faida gani hasa.

Sasa wiki 8. Baada ya upasuaji wengi huambiwa wasinyanyue kitu kinachozidi pauni 10 kwa wiki 6 hadi 8. Galoni ya maziwa peke yake ni pauni 8 na nusu. Mtoto wa miaka 2 ni pauni 25 na zaidi, na haelewi kwa nini mama hamuinui kutoka kitandani. Atalia. Wiki kadhaa huruhusiwi kuendesha gari, na huku kwetu bila gari hufiki kokote, wakati vipimo vya damu mwanzoni ni kama mara 2 kwa wiki, asubuhi, kabla ya kumeza dawa. Fundi wa ujenzi akae akijua kazi nzito inaweza kusubiri miezi 3.

Kwa hiyo unahitaji watu wawili, si mmoja. Mmoja wa kukuendesha na kukaa na wewe, mwingine wa mtoto. Nimeona mipango mingi iliyojengwa juu ya "mama atakuja kutoka Tanga". Mwombee viza, hospitali inaweza kukuandikia barua, lakini jina lake lisiwe la kwanza kwenye karatasi ya hospitali mpaka awe amekanyaga DFW. Andika shoga yako wa kanisani au jirani wa msikitini, mkae mkubaliane siku na saa, na umlipe kitu hata kidogo. Anayelipwa haoni aibu kusema siku hawezi. Muulize pia daktari kuhusu chanjo za mtoto: kama nyumbani kuna mtoto mchanga na akapewa ya rotavirus, nepi zake abadilishe mwingine kwa wiki 4.

Pesa. Texas haina malipo ya serikali ya likizo ya ugonjwa. Sheria ya likizo ya wiki 12 inakulindia kazi bila mshahara, na ni kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, kwa hiyo dada wa ndani mara nyingi hayumo. Hesabu kodi ya nyumba, gari, chakula na mtoto kwa miezi 3, halafu anza kuiweka ukiwa bado unafanya kazi. Itatoka wapi? Kwenye hela ya nyumbani, tusidanganyane. Kama unatuma dola 400, waambie wazee mapema kwamba kuanzia mwezi huu ni 200, na ada ya shule ilipe kwa muhula mzima kabla hujalazwa. Ukiwa kitandani usimpe mtu keshi akutumie kwa wakala: tangu Januari 2026 keshi inakatwa kodi ya asilimia 1, ya akaunti ya benki au kadi ya benki ya hapa haikatwi.

Ukiwa na krediti za kutosha (kwa aliyevuka miaka 24 ni zaidi ya zile 6), omba pia malipo ya ulemavu. Social Security inamhesabu aliyepandikizwa figo kuwa mlemavu kwa mwaka mmoja. Kuna kusubiri miezi 5 kamili, na mtoto wako naye anaweza kupata hadi nusu ya kiasi chako. Wengi hawamwandiki mtoto kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mwisho ni harambee. Jamii zetu zinachanga, tena vizuri. Ila mchango ukiingia kwenye akaunti yako unaweza kukutoa kwenye misaada inayopima mali uliyonayo, kama SSI. Yapo mashirika kama Help Hope Live yanayoshika michango ya wagonjwa wa kupandikizwa na kulipa bili moja kwa moja, hela ikiwa si kwa jina lako. Kamati yenu ifungue huko kabla ya kutangaza namba ya simu ya mtu kwenye grupu la WhatsApp, na mtunza hazina asiwe shemeji wa mgonjwa.