Jicho Halingoji Barabara Ifunguliwe

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, someni haya pamoja.

Glakoma ni ugonjwa wa macho. Mara nyingi maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, msukumo unapanda, na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa kidogo kidogo. Kwa kawaida hauumi. Kuona kunapungua kwanza pembeni, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone inalinda kile kilichobaki.

Kumbukeni mwaka 2020. Kivu ya Kaskazini ilikuwa bado inapambana na Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wakati Covid-19 ilipoingia nchini. Tarehe 24 Machi 2020 Rais alitangaza hali ya dharura. Mipaka ilifungwa, safari zikazuiwa. Katika nchi nyingi vituo vya macho vilipokea wagonjwa wa haraka tu, maana kumpima mtu jicho kunakutanisha uso na uso. Mgonjwa wa glakoma, kwa kuwa haumwi, aliambiwa arudi baadaye. Wengine waliogopa wenyewe kwenda. Chupa ilipokwisha, mtu alijisemea: "Mbona ninaona vizuri?" Hapo ndipo hatari ilipo.

Sisi wa Muheto tunajua kwamba barabara ya Goma haifungwi na maradhi peke yake. Basi tujitayarishe:

1. Nunua chupa mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha. Usiache matone hata ukijiona mzima.

2. Andika jina la dawa na saa za kuitia. Ukikwama, peleka karatasi hiyo kituo cha afya kilicho karibu.

3. Usiazime matone ya jirani. Timololi ni hatari kwa mwenye pumu, na matone yenye kortizoni yanaweza kupandisha msukumo.

4. Vaa miwani ya kinga kazini. Jicho lililopigwa na jiwe linaweza kupata glakoma hata baada ya miaka mingi.

5. Ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe pia.

6. Jicho likiwa jekundu, likiuma sana, pamoja na kutapika na kuona ukungu, nenda kwa munganga siku ileile, hata wakati wa gonjwa.

Baba akisahau matone, mtoto amkumbushe. Chupa ndogo leo ni bora kuliko fimbo ya kipofu kesho.