Fahamu: Kujifunza ndege za kivita nyumbani Lubumbashi, uanze na nini?

Mwaka 1961, ndege ya Fouga Magister ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ilisumbua majeshi ya Umoja wa Mataifa hadi Sweden, Ethiopia na India zilipoleta ndege zao za kivita. Leo kijana wa Lubumbashi anaweza kujifunza urubani wa ndege za kivita kwa kompyuta. Programu ya DCS World hupakuliwa bure pamoja na Su-25T, ndege ya ukoo mmoja na Su-25 za jeshi la Kongo. Lakini usianze na makombora. Jifunze kwanza kupaa, kutua na kusoma vipimo, kwa maana anayehangaika kuinyoosha ndege hana nafasi ya kumtafuta adui. Fimbo moja ya kuongozea yenye kidhibiti cha injini inatosha.

Wapo watakaosema umeme hukatika na intaneti ni ghali. Ni kweli, na DCS ni nzito. Programu ya FlightGear, ya bure pia, ni nyepesi zaidi, na ukishaipakua unaruka bila intaneti. Wengine watauliza: nchi iliyojeruhiwa na vita inahitaji mchezo huu? Sehemu kubwa ya mafunzo ni upepo, mwinuko, ramani na nidhamu ya ukaguzi, mambo yanayomfaa hata rubani wa abiria. Leseni haitolewi kwa mazoezi haya, ila msingi wa maarifa unajengwa.