Betri Iliyokufa Isiyeyushwe Nyumbani

Nyumba nyingi za Butembo zinawaka taa kwa sola, na kila betri ya sola ina siku yake ya kufa. Hapo ndipo hatari inapoanza. Sehemu kubwa ya uzito wa betri ya asidi ni madini ya risasi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo mbabula ya makaa hulifikia bila taabu. Ndiyo maana mtu huona ni kazi ndogo kuipasua uani, apate chubwi za nyavu au risasi za gobori la kuwindia.

Watu huogopa moshi, na kweli ni sumu. Lakini adui anayebaki ni vumbi. Juu ya risasi iliyoyeyuka hutanda utando wa kijivu. Ukikwanguliwa na kutupwa, hupoa ukawa unga laini usiooza wala kuungua. Unga huo hushika kwenye nguo, kwenye mkeka, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa, kisha huingia mdomoni. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi kuliko la mtu mzima. Risasi huharibu ubongo, halafu hukaa mifupani miaka mingi. Mama akishika mimba, hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Huko Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo betri kuukuu zilikuwa zikipasuliwa na mchanga wenye risasi kuchekechwa majumbani. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Basi uza betri ikiwa nzima, imesimama wima, asidi yake ikiwa ndani. Kama uani kwenu kumeshayeyushwa betri, msifagie pakavu: panguseni kwa kitambaa chenye maji, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni kamwe. Mtoto akiumwa tumbo kila mara, akikosa choo, akipauka au akizubaa darasani, mwambie munganga habari ya betri. Dalili hizo hufanana na minyoo na upungufu wa damu, na ni kipimo cha damu tu kinachoonyesha risasi. Asipoambiwa, hatakiomba.