Kupanda Moshi kwa haibridi: piga hesabu kabla ya kubadili gari

Desemba ikikaribia, Wachaga wa Dar es Salaam huanza kupanga safari ya nyumbani, na miaka hii mabishano ni yaleyale: tupande na IST yetu, tukodi Noah, au ndiyo wakati wa kuhamia haibridi? Wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani wana jibu tayari. Mimi nasema shika kalamu kwanza.

Tuchukulie lita ya petroli ni shilingi 3,000 (EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya kwako), na kwenda na kurudi ni kilomita 1,100 hivi. IST iliyojaa watu, kiyoyozi kikiwaka, tuipe kilomita 14 kwa lita: mafuta ya 236,000. Toyota Aqua, ambayo ni haibridi, tuipe 20: mafuta ya 165,000. Umeokoa 71,000. Si haba, ila betri kubwa ya haibridi ikifa na ukatakiwa kutoa, tuseme, milioni 2, utahitaji safari kama 28 za Desemba kuirudisha.

Mbona tofauti ni ndogo hivyo, wakati jirani anaapa kwamba Aqua yake hainywi kitu? Kwa sababu jirani anaizungumzia foleni ya Kimara. Humo ndimo haibridi inamofanya maajabu: ukipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kujaza betri, ukiondoka taratibu, unatumia umeme huohuo. Ukishaipita Chalinze na kukamata mwendo, injini ya petroli ndiyo inayovuta karibu muda wote. Vijiji vya mwendo wa 50 vinasaidia kidogo. Trafiki mwenye tochi pale Mombo au Hedaru anakulazimisha upunguze mwendo, na betri inapata chake. (Na wanaoogopa kwamba umeme utaisha njiani watulie: magari haya hayachomekwi popote, yanataka petroli tu.)

Kwa familia ya watu sita mambo yanageuka. Aqua haiwatoshi. Noah ya petroli, kwa kilomita 10 kwa lita, itakula 330,000. Noah ya haibridi ikienda 15, itakula 220,000. Gari zito ndilo lenye mengi ya kuokoa, ingawa bei ya kulinunua nayo imepanda. Na basi la abiria je? Nauli ikiwa 40,000, watu sita kwenda na kurudi ni 480,000, kabla ya bajaji za kufika na kutoka stendi ya Magufuli. Lakini mkiwa wawili tu ni 160,000, karibu sawa na mafuta ya Aqua, na mnalala njia nzima. Wawili wapande basi.

Kwa hiyo anayeendesha kila siku Mbezi hadi Posta anunue haibridi kwa ajili ya Mbezi na Posta, Moshi iwe nyongeza. Ambaye gari lake linalala uani mwezi mzima abaki na IST.

Ukiamua kupanda na haibridi, angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakioni: matundu ya hewa ya betri, ambayo kwenye Aqua yapo chini au pembeni mwa siti ya nyuma. Betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari. Safari ya kwenda, watoto wanayaziba kwa mabegi na majaketi. Ya kurudi, yanazibwa na viroba vya ndizi na magimbi. Betri ikichemka kwenye joto la Same, taa ya onyo inawaka na gari linapungua nguvu. Kabla ya safari fundi afungue feni yake na kuondoa vumbi, na apime betri kwa mashine, si kwa macho.

Mkishuka kutoka Marangu kurudi Himo, betri itajaa mapema na breki zitabaki kufanya kazi peke yake. Weka gia kwenye B, injini isaidie kushika gari.