Kufumba na Kufumbua kwa Umeme wa Newala

Umeme ukikatika Newala, mji mzima unajua. Ukiyumba tu, taa inapepesa mara moja, redio inaendelea kuimba, na hakuna anayelalamika. Bondeni Mitema, yanakosukumwa maji ya mradi wa Makonde kupanda uwandani, kupepesa huko kunatosha kuzima pampu.

Kisa kimo ndani ya kontakta, swichi inayoipa mota umeme. Sumaku ndogo ndiyo inayoibana ikae imefunga, huku springi ikivutia upande wa pili. Volteji ikishuka hadi karibu nusu, hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, sumaku inalegea na springi inashinda. Maji yaliyokwisha kupanda yanarudi kwa kishindo hadi vali iyazuie, na fundi hawezi kuwasha tena papo hapo. Asubiri kwanza yatulie. Chanzo chenyewe huenda ni radi iliyopiga mbali, upande wa Masasi, au tawi la mkorosho lililogusa waya: hitilafu ya laini moja hushusha volteji ya laini jirani hadi breka ikate.

Iko dawa iliyobuniwa kwa ajili ya nukta hiyo. Koili ya niobiamu na titaniamu ikipozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, inapoteza ukinzani wote, hali ambayo Heike Kamerlingh Onnes aliigundua mwaka 1911 kwenye zebaki. Umeme ukishaingia humo unazunguka bila kufifia. Volteji ya nje ikishuka, nishati ya koili hiyo inaanza kutolewa ndani ya milisekunde chache. Huko Kameyama, Japani, kiwanda cha Sharp cha vioo vya televisheni kilifungiwa mtambo wa aina hii mwaka 2003.

Lakini akiba yake ni ndogo ajabu. Koili iliyofungwa Tacoma, Marekani, mwaka 1983 kutuliza myumbo wa laini ndefu ilibeba megajuli 30, yaani yuniti 8 na ushei za LUKU! Na mtambo wa kupoza koili za aina hii haupumziki usiku wala mchana.

Kwa Mitema nisingeishauri hata ikitolewa bure, maana mtambo huo wa kupoza nao unataka umeme usioyumba. Kuna kifaa cha kapasita, kinachoenea kiganjani, kinachoishikilia kontakta kwa sekunde moja hivi. Mota bado inazunguka, volteji ikirudi inashika kasi yake. Yumbo likizidi hapo, heri pampu izime kuliko mota iungue.