Ngoma Zetu Zilizotutangulia Ulaya

Ndugu askari na polisi, wengi wenu mnayo simu mfukoni, na jioni baada ya zamu mnaitumia kusikiliza muziki wa Kinshasa, wa Dar es Salaam na wa Lagos. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Lindoni simu haina nafasi, na hilo halina mjadala. Lakini saa ya mapumziko ni mali ya askari mwenyewe. Leo twapenda kuwasimulia safari moja tuliyoifanya kwa simu hiyo hiyo, tukiwa tumeketi hapa Bujumbura, nayo ikatuzungusha Ulaya na Amerika kabla ya kuturudisha katika vilima vyetu.

Koplo mmoja alituletea ofisini wimbo, akakataa kutueleza sababu. Ni wimbo wa Joni Mitchell, mwanamke wa Kanada, uitwao The Jungle Line, uliotoka mwaka 1975. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, zikalia ngoma. Hapo hakuna Mrundi awezaye kukosea. Ule mshindo wa fimbo juu ya ngozi ya ng'ombe, na ule mti wa umuvugangoma unaoitika kutoka ndani, tumeusikia tangu tungali tukibebwa mgongoni. Tukatazamana. Ngoma zetu zafanya nini huko?

Jibu limo mtandaoni, kwa kuwa wako watu wenye subira ya ajabu ambao kazi yao ni kuufuata kila mdundo hadi ulikotoka. Mwaka 1967, ufalme ukiwa umekwisha kuondolewa Novemba ya mwaka uliotangulia, Michel Vuylsteke alikuja Burundi na kinasa sauti. Mwaka 1968 Ocora, chombo cha redio ya Ufaransa kilichotoa muziki wa mataifa mbalimbali, ikatoa santuri iitwayo Musique du Burundi. Santuri ya namna hiyo aghalabu hukaa katika maktaba, ikisikilizwa na maprofesa. Hii haikukaa. Mfaransa Michel Bernholc alizichukua ngoma zile, akazitandikia piano na magitaa juu yake, akaziita Burundi Black, na mwaka 1971 zikafika nafasi ya 31 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mitchell naye alikata kipande cha ukanda akakifanya kijirudie, kazi ambayo leo kijana yeyote huifanya kwa kompyuta lakini wakati ule ilikuwa nadra. Kisha bwana mmoja wa London, Malcolm McLaren, akamsikilizisha mdundo huo kijana Adam Ant. Na kundi lake, Adam and the Ants, likaweka wapigaji ngoma wawili badala ya mmoja. Santuri yao ya mwaka 1980 ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka uliofuata. Hata hao Waingereza waliorukaruka kwa mdundo ule hawakuwa wameonana na wenyewe. Ni mwaka 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, ndipo wapigaji wetu waliposimama mbele yao, ngoma vichwani.

Sasa tusimame kidogo kwenye neno moja. Katika orodha ya wapigaji wa wimbo wa Mitchell, ngoma hizi zimetajwa kuwa ni ngoma za wapiganaji wa Burundi. Sisi tulio askari tungependa kuukubali utukufu huo, lakini si wetu. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma, na lina maana ya utawala wenyewe. Zililia katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Huko Gishora karibu na Gitega, mahali panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, ngoma mbili zenye heshima kuu huitwa Ruciteme na Murimirwa: yule ambaye kwa ajili yake twafyeka msitu, na yule ambaye kwa ajili yake twalima. Jembe, basi, si mkuki.

Anayetaka kuzisikiliza kwa makini na atafute kwanza amashakwe, zile zinazoshika mwendo bila kukoma. Akishazipata, aisikilize inkiranya iliyo katikati, ambayo ndiyo itoayo amri, na ibishikizo zinazoifuata. Aliyepata kusimama gwarideni hatahitaji maelezo zaidi.

Lakini kuna jambo lililotukaa rohoni. Juu ya Burundi Black jina la msanii ni Burundi Steiphenson Black, mtu asiyekuwako. Katika wimbo wa Mitchell hakuna jina la mpigaji hata mmoja, wala la kilima chake. Waliopiga siku ile walikuwa na majina. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu, na amri ya Rais ya Oktoba 2017 ikaagiza vikundi viandikishwe na maonyesho yalipiwe. Iliwaachia pia wanaume peke yao kuipiga, sharti lililozusha ubishi mwingi. Hizo zote zahusu ngoma itakayopigwa kesho. Ukanda wa 1967 ulikwisha kupita mpakani.

Santuri ile ina hazina nyingine ambayo London haikuigusa, nayo twaona ndiyo iliyo ya ajabu zaidi. Ni inanga, na mwanamume anayenong'ona. Haimbi, ananong'ona tu, na mnong'ono kwa asili yake hauna sauti ya juu wala ya chini, ni pumzi. Hata hivyo msikilizaji ataapa kwamba anasikia mtu akiimba kwa sauti nzito na tamu. Mtaalamu wa Marekani, Cornelia Fales, alilichunguza jambo hili kwa vipimo katika miaka ya 1990, akaonyesha kwamba tuni yote hutoka katika nyuzi. Sikio ndilo linaloichukua tuni ya nyuzi na kuivika mnong'ono. Wazee wetu walijua kulidanganya sikio kabla ya maabara. Msijaribu kwa spika ya simu: huzimeza nyuzi nzito, na uchawi wote hupotea. Vaeni visikizio vya masikioni, sauti iwe ndogo, na kambi iwe imelala.

Koplo yule alipopata likizo alikwenda kwao, ambako babu yake angali anayo inanga ukutani. Alirudi na dakika 11 ndani ya simu. Tulipoifungua, kabla ya uzi wa kwanza kuguswa, tulisikia sauti yake mwenyewe, imenyooka kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake: jina la babu, jina la baba wa babu, kilima, komini, siku, mwezi na mwaka. Kisha kikohozi cha mzee, na mnong'ono ukaanza.